Pedi ya Pili Ataishika Nani?

Ninyi watoto mlioambiwa mkalale, ila bado mnazungukazunguka sebuleni mkijifanya mnatafuta daftari, hamjambo? Leo bakini kidogo, nitawaombea ruhusa kwa mama. Mazungumzo ya leo ni yenu.

Leo tunazungumzia gemu. Ngoja mzazi, usizime redio! Najua nikitaja gemu unakiona kile kibanda cha mtaani, watoto wamejazana kwenye benchi, mpira unachezwa kwenye runinga, makelele, na mwanao uliyemtuma sukari saa kumi mpaka magharibi hajarudi. Kibanda hicho tutakifikia. Lakini leo nina gemu ya namna nyingine, gemu iliyotokana na katuni ya watoto wadogo. Mtoto wa miaka minne anaicheza, na bibi yake akitaka anacheza naye.

Kwa nini nizungumzie hilo leo? Kwa sababu mwisho wa mwaka unakaribia, na ndugu zetu walioko Muscat, Dubai, London na Minnesota wameanza kupiga simu: watoto wanataka zawadi gani? Zamani jibu lilikuwa viatu. Siku hizi jibu ni mtambo wa gemu. Mjomba anakubali, anaununua, anauviringishia taulo na kuutia kwenye sanduku, kisha anapiga tena: sasa niwachukulie gemu gani? Hapo wazazi wengi ndipo tunapokwama. Tunajibu, "Yoyote, ilimradi isiwe ya kupigana." Yoyote! Nguo huwezi kusema hivyo, utataja saizi na rangi. Chakula ndiyo kabisa. Lakini kitu ambacho mtoto atakikodolea macho likizo nzima, tunasema yoyote.

Basi leo tuchukue gemu moja tu, tuifungue, tuchungulie ndani. Inaitwa Bluey: The Videogame. Narudia kwa yule anayetafuta kalamu: Bluey.

Tuanze na katuni yenyewe, maana bila katuni gemu hii haieleweki.

Bluey ni mtoto wa kike wa mbwa, ana miaka sita. Ana mdogo wake anaitwa Bingo, wa miaka minne. Baba yao Bandit, mama yao Chilli. Ni mbwa wa ile mbegu inayochunga ng'ombe kule Australia. Baba na Bluey wana manyoya ya bluu, mama na Bingo wana manyoya mekundu ya rangi ya udongo. Wanatembea kwa miguu miwili, wana gari, wana kochi. Baba ni mtaalamu wa mambo ya kale, wale wanaochimba magofu, na mama anafanya kazi ya ukaguzi uwanja wa ndege. Najua ziko nyumba hapa kwetu pwani ambazo mbwa hakanyagi hata barazani, na bibi mmoja alishaniuliza kwa hasira hao mbwa mbona wamekalia kochi. Bibi yangu, hao ni mbwa wa kuchorwa. Hawana mate.

Katuni hii inatengenezwa Brisbane, mji mkubwa wa jimbo la Queensland, mashariki mwa Australia, na studio inayoitwa Ludo. Aliyeibuni ni Joe Brumm, Mwaustralia, ambaye alifanya kazi ya katuni London kabla ya kurudi nyumbani. Ilianza kuonyeshwa Oktoba 2018 kwenye televisheni ya taifa ya Australia. Kipindi kimoja ni dakika saba tu, unachemsha chai kimeisha. Lakini mwaka 2024, kule Marekani, ndicho kipindi kilichotazamwa kwa dakika nyingi kuliko vyote kwenye huduma za video za intaneti. Nasema vyote: vya watu wazima, vya mapenzi, vya majambazi. Vyote viliachwa nyuma na familia ya mbwa wanne.

Jiulize, ina nini katuni hiyo?

Mimi nitakwambia ninachokiona: ina baba anayecheza. Tena siyo baba anayewatazama wanawe wakicheza huku yeye yuko kwenye simu. Watoto wakisema, baba leo wewe ni farasi, baba ni farasi mpaka magoti yaume. Kuna kipindi kimoja, ndicho cha kwanza kabisa, kinaitwa Magic Xylophone. Watoto wana kile kinanda kidogo cha kugonga kwa kijiti. Wakikigonga, baba anaganda pale pale alipo, hata kama mguu mmoja uko juu, mpaka wakigonge tena. Hakuna uchawi wowote, mnaelewa? Ni baba tu ameamua kwamba kikigongwa, ameganda. Na watoto wanagombania nani akigonge, ndiyo mwanzo wa somo la kupeana zamu. Lakini somo limefichwa ndani ya kicheko.

Kipindi kingine kinaitwa Keepy Uppy. Limebaki puto moja tu nyumbani, na mchezo ni kulipiga danadana lisiguse chini. Mwanzoni ni rahisi, puto linaelea, kila mtu anacheka. Baba anaona rahisi mno, anaanza kuwachokoza na kuutia ugumu, na mchezo unatoka chumbani unakwenda mpaka nje. Mwishoni puto linapasuka. Dakika saba zimeisha. Watoto wamecheza na puto moja kuliko wengine wanavyocheza na kapu la midoli.

Brumm mwenyewe ameshaeleza kwamba aliumizwa na jinsi binti yake alivyoanza shule na kucheza kukakatwa ghafla, mtoto akabadilika. Ukilijua hilo unaielewa katuni nzima. Kila kipindi kinatetea mchezo wa mtoto. Shikeni hapo: mchezo wa mtoto, ambao mtoto ndiye anautungia sheria, na mkubwa anakubali kuingia. Nitalirudia hilo mbele.

Haya, sasa gemu.

Gemu ilitoka tarehe 17 Novemba 2023. Iliyoitoa ni kampuni ya London, Outright Games, ambayo kazi yake hasa ni kugeuza katuni na sinema za watoto kuwa gemu. Ndio waliotoa gemu za PAW Patrol, ile ya mbwa waokoaji, na ya Peppa Pig, yule nguruwe wa Uingereza. Walioitengeneza kwa mikono yao ni studio ya Hispania, Artax Games. Ilitoka kwa mitambo karibu yote: Nintendo Switch, PlayStation, Xbox, hata kompyuta. Kwa hiyo mtambo wowote ambao mjomba amenunua, uwezekano ni mkubwa ipo yake.

Unafanya nini ndani yake? Unatembea. Unaingia nyumba ya akina Bluey, ile ile ya kwenye katuni, chumba kwa chumba. Unakwenda uwanja wa michezo wa watoto, unakwenda kijito, unakwenda ufukweni. Kuna kisa cha kutafuta hazina kilichogawanywa sehemu nne kama vipindi vya katuni. Na kuna michezo midogo midogo: ile danadana ya puto ipo, kinanda cha kugandisha kipo, na kuna ule mchezo ambao sakafu ni moto na hutakiwi kuigusa, unaruka huku na huku. Mdoli mmoja wa bundi mwenye makelele, Chattermax, anakimbizwa ovyo. Unaokota stika, unabonyeza kitu kinatikisika, unapanda juu ya kitu, unashuka. Basi.

Nani anacheza? Hapa pananihusu sana, naomba msinipite. Wanaochezeka ni wanne: Bluey, Bingo, baba na mama. Na pedi zinaweza kuwa nne kwa wakati mmoja, kwenye runinga moja, sebule moja. Hakuna wa mbali kwenye intaneti, hakuna mgeni usiyemjua anayezungumza na mtoto. Anayecheza naye yuko kwenye mkeka uleule.

Nilikaa na familia moja wakiicheza, watoto wawili na mama mkubwa wao. Mdogo alikuwa hajui kusoma. Alikuwa ameshika pedi kwa mikono miwili kama anashika usukani, na kila Bingo alipotakiwa kuruka, mtoto mwenyewe aliinuka kutoka kwenye mkeka. Bingo akiruka, naye anaruka. Puto likija upande wake, anainua kidevu. Mama mkubwa alipewa mama, Chilli, naye kwa muda mrefu alikuwa ameukabili ukuta, anatembea tu pale pale, hajui amgeuze vipi. Watoto walicheka mpaka wakakohoa. Yule mtoto mkubwa akamwambia, "Mama mkubwa, siyo hicho, hiki!" akamshika kidole gumba akakiweka mahali pake. Niambieni ni lini mara ya mwisho mtoto wa miaka saba alimfundisha mtu mzima nyumbani kwenu jambo, na mtu mzima akasema haya mwanangu, nimeelewa.

Na katika gemu hii hufi. Ukidondosha puto, mnacheka, mnaanza upya. Hakuna damu, hakuna maisha matatu yanayopungua, hakuna saa inayokufukuza katika kisa kizima. Kwa mtoto wa miaka minne hilo ni jambo kubwa, maana katika gemu za kaka zake yeye hupewa pedi iliyochomolewa waya, akadanganywa kwamba anacheza. Mnalijua hilo, msijifanye.

Hayo ndiyo mazuri. Sasa nigeuze upande wa pili.

Gemu hii ni fupi. Fupi kweli. Kisa kizima mtu mzima anakimaliza kwa muda wa sinema moja, na hata hiyo sinema iwe fupi. Ilipotoka iliuzwa kama dola 40 za Marekani, karibu laki moja ya Tanzania kwa wakati ule. Wakaguzi wa gemu waliilaumu kwa hilo, na wakailaumu kwa hitilafu pia: kuna mahali mhusika ananasa, mahali picha inagoma. Mtoto mdogo haelewi kwamba hilo ni kosa la aliyetengeneza. Anadhani amekosea yeye, na anakukabidhi pedi akiwa na machozi.

Kwa nini gemu za katuni mara nyingi huwa hivi, nyembamba? Nawaomba mtulie hapa kidogo, maana ukijua sababu utanunua kwa akili.

Mwenye gemu ya katuni analipa kwanza haki ya kutumia wale wahusika. Halafu anataka iwe dukani kabla ya Krismasi. Angalieni tarehe niliyowatajia: Novemba 17. Na la tatu, anajua itanunuliwa tu, kwa sababu mtoto amekwisha kuiona sura ya Bluey kwenye jalada na kuanza kulia. Ni kama hoteli ya pale stendi: abiria atakula tu, basi linaondoka. Mpishi wa stendi akipika vizuri, amependa mwenyewe.

Haya hayakuanza jana. Mwaka 1982 kampuni ya Atari ilitoa gemu ya sinema ya E.T., yule kiumbe mpole wa kutoka angani. Kijana aliyeitengeneza alipewa wiki tano hivi, kwa sababu Krismasi inakuja. Ikawa mbaya kiasi kwamba kaseti zilizododa zilizikwa kwenye jalala la jangwa la New Mexico mwaka 1983, na mwaka 2014 watu wakaenda kuzifukua, wakazikuta. Kweli kabisa, walizifukua na kamera zikiwapo.

Lakini wapo pia wapishi wa stendi waliopenda wenyewe. Mwaka 1989 kampuni ya Kijapani, Capcom, ilitengeneza gemu ya katuni ya DuckTales, ile ya bata tajiri Scrooge na wajukuu zake. Wakawapa kazi hiyo watu wao hodari, walewale wa gemu za Mega Man. Wakabuni kwamba mzee bata anaruka juu ya mkongojo wake kama springi. Jambo moja tu, mkongojo unaoruka! Watu wenye mvi leo bado wanaikumbuka. Kwa hiyo anayewaambia kwamba gemu ya katuni haiwezi kuwa nzuri, anawadanganya. Inaweza. Inataka muda na mtu anayeipenda katuni.

Na Bluey je, iko upande gani? Mimi naiweka katikati, inaegemea stendi. Nyumba wameichora vizuri, muziki ni wenyewe, sauti ni zenyewe, lakini mchezo wenyewe umepikwa kwa haraka.

Sasa tuliangalie na jalada lake. Ukilishika jalada la gemu hii la Ulaya utaona namba kubwa imeandikwa 3. Hiyo ni alama ya mfumo wa PEGI, unaotumika Ulaya tangu 2003, na namba zake ni 3, 7, 12, 16 na 18. Wazazi wengi tunaisoma namba hiyo vibaya. Tunadhani 3 maana yake mtoto wa miaka mitatu ataweza kuicheza. Hapana. Maana yake ndani hakuna cha kumtisha wala kumharibu mtoto wa miaka mitatu. Kuiweza ni jambo lingine. Gemu ya mpira mara nyingi nayo ina 3, na huyo mtoto wa miaka mitatu haiwezi hata kidogo. Narudia: namba inakwambia kilichomo, haikwambii ugumu wake. Na kwa upande wa pili, ukiona 16 au 18, usiseme mwanangu ni mjanja ataiweza. Hukuulizwa ujanja.

Sasa mtu ataniambia: mtangazaji, laki moja yote ya nini, na kwenye simu yangu gemu za katuni zipo bure? Swali zuri. Hata Bluey anayo ya kwenye simu, inaitwa Bluey: Let's Play!, ya kampuni ya Budge ya Kanada. Kuipakua ni bure. Lakini ukiingia ndani, vyumba vingi vina kufuli, na ufunguo ni malipo ya kila mwezi. Sisemi ni wizi, wameandika wenyewe. Nasema tofauti ni hii: ile ya kwenye mtambo unalipa mara moja, kwisha maneno. Ya simu ni bure kama wali wa kuonja sokoni ulivyo bure, halafu mtoto amekwishaonja. Na simu ni ya mtu mmoja. Mtoto anaiinamia peke yake, wewe unaona kisogo. Runinga inaonekana na nyumba nzima.

Nilisema kile kibanda tutakifikia. Tumefika.

Kibandani, mnajua utaratibu. Unalipia mechi. Wawili wanacheza, waliobaki wanasubiri, na anayefungwa anaachia pedi. Mwenye kibanda anataka mtu afungwe upesi ili mwingine atoe hela. Sasa weka Bluey pale uone. Nani atafungwa? Hakuna. Mechi inaisha lini? Haijulikani. Puto likianguka watu wanacheka, wanalipiga tena. Mwenye kibanda atafunga biashara kwa wiki moja! Gemu isiyo na wa kufungwa hailipi mtaani. Kwa hiyo watoto wetu wengi, wale ambao gemu wanaijua kwa kibanda tu, wamejifunza kwamba kucheza ni kumtoa mwenzio kwenye benchi. Siwalaumu wao wala mwenye kibanda, naye ana watoto wa kulisha. Nasema tu kwamba gemu za namna hii zimebaki kuwa za sebuleni, na kwa hiyo za wenye sebule na umeme na mjomba wa Muscat. Hilo linanikera, na sina dawa yake leo.

Ninayo nusu ya dawa. Ile danadana ya puto, mnahitaji mtambo? Mnahitaji puto. Sakafu ya moto mnahitaji mtambo? Mnahitaji mikeka miwili na mito. Baba kugandishwa kwa kugonga kinanda, pigeni sufuria. Watoto wetu wana kombolela, wana rede, wana mdako, wana kibaba na mama wakipika kwa udongo. Waliobuni katuni ile walikwenda kuchukua michezo ya namna hiyohiyo kwa watoto wao, wakaitia kwenye runinga, kisha wengine wakaitoa kwenye runinga wakaitia kwenye gemu. Na hapo katikati kuna kitu kimepungua. Niliwaambia nitalirudia: kwenye katuni, mtoto ndiye anayetunga sheria. Baba akiwa farasi ni kwa sababu Bluey amesema. Kwenye gemu, sheria zimekwisha kuandikwa Hispania. Huwezi kumwambia Bandit leo wewe ni daladala na mimi ni konda. Kitufe hicho hakipo. Mtoto anacheza mchezo wa Bluey, hachezi kama Bluey.

Ndiyo maana nasema gemu hii inamhitaji mtu mzima kuliko inavyouhitaji umeme. Mtu mzima akiwa hapo, sheria zinalegea. Yule mama mkubwa niliyewasimulia, puto lilipowachosha, aliwaambia sasa tuone nani atamficha Bingo asionekane. Gemu haina mchezo huo. Wakaubuni wenyewe, humohumo ndani ya ile nyumba ya kuchorwa: mmoja anafumba macho kwenye mkeka, wengine wanakimbiza mbwa wao nyuma ya kochi la kwenye runinga. Walitumia muda kwenye kombolela hiyo kuliko kwenye hazina yenyewe. Na gemu iko kwa Kiingereza, Kiswahili haina, kwa hiyo aliyejua lugha alikuwa anawafasiria, na asipojua neno anatia lake, hadithi inanoga zaidi ya ilivyoandikwa.

Bila mtu mzima? Ni saa moja au mbili za kubonyeza vitufe, halafu inatupwa kando. Laki moja imekwenda.

Neno moja kwa wenye watoto wadogo kabisa, nalipita haraka. Shirika la Afya Duniani, mwaka 2019, lilishauri kwamba mtoto wa miaka miwili mpaka minne asikae mbele ya runinga au simu zaidi ya saa moja kwa siku, na ikipungua hapo ni bora zaidi. Wa chini ya miaka miwili, asikae kabisa. Nimeshalisema. Ufupi wa gemu hii, kwa mara ya kwanza, umegeuka kuwa sifa.

Mtauliza, je, kuna nyingine? Ipo. Mwaka 2025 ilitangazwa gemu mpya, Bluey's Quest for the Gold Pen, na safari hii kazi imepewa studio ya Brisbane hukohuko, Halfbrick, walewale waliotengeneza Fruit Ninja, ile gemu ya kukata matunda kwa kidole iliyokuwa kwenye kila simu miaka ile. Na Joe Brumm mwenyewe ametia mkono kwenye kisa. Studio ya katuni na studio ya gemu ziko mji mmoja. Hilo peke yake linanipa hamu, kwa zile sababu za stendi nilizowaeleza. Lakini gemu nainunua nikiona, siyo nikisikia, na nawashauri mfanye hivyohivyo.

Basi turudi kwa mjomba, simu yake bado iko hewani. Aulize watoto wana miaka mingapi. Wakiwa na kumi na kuendelea, Bluey itawachosha kabla chai haijapoa, achukue nyingine. Wakiwa na minne mpaka minane, sawa, na asubiri ipunguzwe bei, maana gemu za namna hii hushuka baada ya muda. Halafu mwambieni jambo ambalo mara nyingi husahaulika. PlayStation mpya kwenye boksi lake ina pedi moja. Moja tu. Nintendo Switch ina vipande viwili vya pembeni vinavyochomoka, kila kimoja kikawa pedi ndogo, kwa hiyo watu wawili wanaanza siku hiyohiyo. Kama mtambo ni ule wa pedi moja, mwambieni mjomba apunguze kitu kingine sandukuni, manukato au fulana, aongeze pedi ya pili. Na mkishaipokea, mtoto akikunyoshea hiyo pedi ya pili, ipokee, hata kama hujui kijiti kipi kinafanya nini. Atakuonyesha.

Nimemaliza, muda wangu umekwisha na fundi mitambo ananionyesha saa. Wale watoto wa daftari, nendeni mkalale sasa, nimeshawatetea vya kutosha. Usiku mwema.